Viwanja vya Nicklaus na macho ya baba

Najua wengi mnapita hapa kutafuta habari za Linux na mambo ya programu, na kweli niliahidi makala kuhusu hifadhidata. Itakuja. Leo nina habari ya gofu, mchezo ambao sijaucheza hata siku moja ingawa ndio ulionisomesha.

Baba yangu alikuwa kedi. Alibeba mifuko ya fimbo za wachezaji kwenye uwanja mmoja hapa Mombasa kwa miaka 31 (jina la kilabu naliacha). Nilipokuwa shule ya upili niliwaambia wenzangu anafanya kazi bandarini. Likizo aliniita twende wote nijifunze kazi, mkoba mmoja mdogo tu, nami kila mara nilikuwa na masomo ya ziada. Sikuwa na masomo ya ziada.

Sasa, Aprili 2020 nilikuja nyumbani kwa siku nne. Mnakumbuka yaliyotokea: serikali ikafunga usafiri wa kuingia na kutoka Mombasa kwa sababu ya korona, na zile siku nne zikawa miezi mitatu. Kwa bahati nilikuwa na tarakilishi yangu na kazi ya kufanya. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inatengeneza programu ya simu kwa wachezaji wa gofu: unasimama uwanjani, simu inakwambia bendera iko yadi ngapi kutoka ulipo. Kazi yangu ilikuwa kuchukua picha za setilaiti na kuchora mipaka ya kila kitu kwa QGIS: njia ya majani mafupi, mitego ya mchanga, maji, na kile kiwanja laini chenye bendera wanachokiita grini. Fungu la kwanza nililopewa ni viwanja vyenye mandhari nzuri vilivyobuniwa na Jack Nicklaus.

Kwa asiyemjua: Nicklaus ni Mmarekani, alizaliwa Columbus, Ohio, mwaka 1940, na ameshinda mashindano makubwa 18, idadi ambayo hakuna mwanamume mwingine aliyeifikia. Tangu miaka ya mwisho ya 1960 akaanza pia kubuni viwanja. Aliingilia mlango wa kumsaidia Pete Dye pale Harbour Town, South Carolina, uwanja uliofunguliwa 1969 na wenye mnara wa taa wa mistari myekundu na myeupe nyuma ya shimo la mwisho. Mwaka 1974 akafungua wake karibu na alikozaliwa, Muirfield Village, akaupa jina la uwanja wa Scotland aliposhinda The Open mwaka 1966. Leo kampuni aliyoianzisha inahesabu viwanja zaidi ya 400 katika nchi zaidi ya 40. Hebu fikiria kuwa na msimbo wako unaoendeshwa katika nchi 40, na kila toleo limechimbwa ardhini kwa tingatinga. Hakuna kurekebisha kosa usiku na kupakia upya asubuhi.

Baba alizoea kuja na kikombe cha chai saa kumi, akikaa kiti cha pembeni. Mwanzoni nilidhani ni upweke. Halafu akaanza kuuliza maswali.

"Hapo ni wapi?"

"Mexico, baba. Panaitwa Cabo del Sol. Jangwa linashuka mpaka baharini."

"Bahari iko mkono gani? Upepo unatoka wapi?"

Sikuwa na jibu la upepo. Picha ya setilaiti haina upepo. Lakini kwa mtu wa pwani aliyebeba mifuko wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, uwanja usio na upepo si uwanja, ni mchoro. Alinieleza kwamba shimo moja la kwao lilikuwa mashimo mawili tofauti: mwezi wa Januari unatumia fimbo fulani, mwezi wa Juni pale pale unaongeza fimbo mbili na kuomba Mungu. Nilitafuta data za upepo za kila uwanja nikaziweka kwenye jedwali langu, ingawa hakuna aliyeniagiza.

Uwanja uliotuchukulia muda mrefu kuliko vyote ni ule wa Pacifico, Punta Mita, huko huko Mexico, uliofunguliwa 1999. Programu ya kampuni ilikuwa imeandikwa kwa imani kwamba uwanja una mashimo 18. Safu yenye nafasi 18, basi. Nikaingiza Pacifico, ikalipuka. Nikahesabu mara tatu. Kumbe uwanja una mashimo 19! La tatu liko mara mbili, 3A na 3B, na hilo 3B grini yake imekaa juu ya mwamba wa asili ndani ya bahari. Wanauita Mkia wa Nyangumi. Unapiga mpira kutoka nchi kavu kupita juu ya maji, karibu yadi 200 ukisimama nyuma kabisa. Maji yakipwa unavuka kwa miguu juu ya mawe. Yakijaa unavushwa na gari linaloelea. Bahari ikichafuka unacheza 3A, mambo yanaendelea.

Nilimsomea baba yote haya. Akaweka kikombe chini.

"Na bamvua je? Na mkoba nani anauvusha?"

Siku ile nilicheka. Baadaye usiku nikaandika upya sehemu ile ya programu ili shimo liweze kuwa na matoleo mawili kufuatana na hali ya maji, na waliokaa ng'ambo wakanisifu sana. Wazo halikuwa langu.

Uwanja mwingine niliupenda kwa sababu zangu mwenyewe. Manele, kisiwa cha Lanai, Hawaii, ulifunguliwa 1993 juu ya majabali ya volkeno. Shimo la 12 unapiga kutoka ukingo wa jabali, mawimbi yakiwa chini yako, kwenda jabali la pili. Hapo hapo kwenye shimo la 12, tarehe 1 Januari 1994, ndipo Bill Gates alipofunga ndoa (wakaachana 2021). Na mwaka 2012 Larry Ellison wa Oracle akanunua karibu kisiwa chote, asilimia 98. Sisi tunaohangaika na leseni za hifadhidata sasa tunajua zile pesa zilikwenda wapi.

Nisiwapotoshe mkadhani namsifia Nicklaus kila kitu. Kuna lawama ya zamani juu ya viwanja vyake vya mwanzo, nami baada ya kuchora kadhaa naona ina ukweli: alibuni kwa ajili ya mpira wake. Yeye alipiga mipira inayopaa juu sana kisha kuangukia upande wa kulia, na mara nyingi uwanja unamlipa mtu apigaye hivyo. Ni ugonjwa wetu pia, waandishi wa programu. Kwenye mashine yangu inafanya kazi! Baba alipoisikia lawama hiyo alitabasamu, akasema tajiri akijenga nyumba hupima mlango kwa urefu wake.

Nilimweleza pia habari ya Masters ya 1986. Nicklaus alikuwa na miaka 46, magazeti yalikwisha kumzika, akapiga 65 siku ya mwisho na kushinda kwa pigo moja. Aliyembebea mkoba ni mwanawe mkubwa, Jackie.

Baba alinyamaza kidogo. "Mtoto alimbebea baba?"

"Ndiyo."

"Alilipwa?"

Sikujua nijibu nini. Niliinamia kibodi.

Tatizo kubwa la kiufundi lilikuwa miteremko. Data za mwinuko nilizozipata bure ni zile zilizopimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, na kila mraba wake ni kama mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Grini nyingi hazifiki ukubwa huo. Kwa hiyo grini nzima, pamoja na vile vibonde vinavyowatoa watu machozi, inameza ndani ya namba moja. Nilipomlalamikia baba akasema, "Mimi ninazo zote 18." Akaanza kuzitaja. Grini ya kwanza inainamia baharini hata ukiiona iko sawa. Ya pili ina mgongo katikati. Ya saba, lenga kushoto ya mkwaju, mpira utajirudi wenyewe. Kila jioni baada ya kazi za watu tukafanya uwanja wake, yeye akisema, mimi nikiandika. Nilihisi kama mtu anayenakili diski kabla haijafa.

Jioni moja nilimaliza kumwonyesha Manele nikabadilisha dirisha nikarudi kwenye msimbo wangu. Mimi hutumia usuli wa buluu kwenye kihariri changu, tabia ya tangu enzi za DOS. Baba akasogea, akatazama skrini, akasema, "Bahari hiyo nzuri sana."

Nilidhani anatania. Nikamtazama. Hakuwa anatania.

Basi ndipo nikaelewa yale maswali yote: bahari iko mkono gani, mwamba una ukubwa gani, hapo ni wapi. Nilikuwa nimeyachukua kama hekima ya mzee, na hekima ilikuwamo, lakini pia aliuliza kwa sababu alikuwa haoni. Mama alikuja tukakaa naye. Ilichukua muda kumtoa maneno. Macho yalianza kuingia ukungu mwaka 2010. Kedi asiyeona mpira ulipoangukia hana kazi, kwa hiyo hakumwambia mtu. Miaka miwili alifanya kazi kwa masikio. Fimbo ikigonga katikati ina mlio wake, alisema, ukienda kulia una mlio mwingine, na ukianguka kwenye mchanga husikii kitu. Ule ukimya ndio mchanga. Halafu mwaka 2012, siku moja ya kusi kali, alipoteza mipira mitatu ya mteja mmoja. Msimamizi wa makedi akamwambia akapumzike. Makedi pale hawakuwa waajiriwa, walilipwa kwa raundi, kwa hiyo hakukuwa na barua wala kiinua mgongo. Alirudi nyumbani akatuambia amechoka. Tukamwamini miaka minane.

Daktari alimwangalia muda mfupi sana. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wasomaji, ni upasuaji usiochukua hata saa moja: wanaiondoa lenzi iliyokuwa na ukungu na kuweka ya bandia. Jicho la kulia walilifanya Januari 2021, la kushoto Machi. Pesa za Nicklaus ndizo zilizolipa. Kama una mzee nyumbani anayekaa karibu sana na televisheni, au anayesifia chakula kabla hujakiweka mezani, tafadhali mpeleke.

Ile kampuni ya ng'ambo ilichukua ramani zote, ikalipa kwa wakati, ikaacha maelezo ya baba. Nilikuwa nimewaomba waongeze sehemu ya maneno ya kedi kwa kila shimo, herufi 140 tu. Wakasema wachezaji wanataka namba. Sawa. Faili ninayo mimi.

Wakati wa kungoja jicho la pili alitaka kujua kama kuna bingwa aliyewahi kubuni uwanja karibu na sisi. Nikamwambia yupo: ule wa Baobab pale Vipingo Ridge, Kilifi, ulibuniwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, mshindi wa Kenya Open ya 1989. Alilikumbuka jina. Akauliza kama pale upepo wa kusi unapiga ubavuni au usoni. Tumekubaliana twende tuangalie, na mkoba (wa chakula) nitabeba mimi.

Bandeji ya jicho la pili ilipotoka nilimwekea mezani picha alizozikosa. Ya kwanza ilikuwa Mkia wa Nyangumi. Alitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma kama anasoma grini.

"Mwamba ni mdogo kuliko ulivyonieleza," akasema. "Ulinitia woga bure. Huo unafikika."

Manele hakuisemea neno. Muirfield Village aliipita upesi, hakuna bahari. Akaniambia nifungue kwao. Nikafungua picha ya setilaiti ya uwanja wake na mistari yangu juu yake, mashimo yote 18, na vijisanduku vya maneno yake. Alipitisha kidole shimo kwa shimo, bila kugusa kioo, akihesabu kimoyomoyo. Kwenye la saba akasimama.

"Pale palikuwa na mkwaju."

Nikavuta picha karibu. Majani tu, na duara moja lililofifia.

"Wameukata lini?"

Nikaangalia picha za miaka ya nyuma. Mwaka 2013 upo. Mwaka 2016 haupo. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akavuta kiti akakaa.

"Basi futa hapo," akasema. "Andika, lenga kushoto ya... ngoja kwanza. Isogeze nione kuna nini tena upande huo."