Chuo cha Karibu

Kijana wa Segese amalizapo masomo ya sekondari huona njia mbili. Moja hushuka katika mashimo ya dhahabu; ya pili huelekea Dar es Salaam, safari ipitayo kilomita 900. Mimi nilitafuta ya tatu, kwa kuwa mama yangu alikuwa mjane, mpunga wake ulitaka mikono, na mdogo wangu alikuwa amekwisha kuyazoea mashimo.

Nilichagua Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo cha umma kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994. Hakimlazimishi mwanafunzi kuhama kwao. Aghalabu husoma nyumbani, na kituo cha mkoa kipo Shinyanga.

Nilidhani ukaribu ni urahisi. Kumbe nyumbani pana haki zake: mgeni abishaye hodi hajui mtihani, wala msiba haungoji kurasa. Mchana nililima, usiku nikasoma, na mara nyingi usingizi ulinishinda juu ya kitabu. Wenzangu wa Dar es Salaam walihitimu kabla yangu. Niliwaonea wivu, wala sioni haya kukiri.

Lakini usiku mmoja mdogo wangu alileta daftari lake, akaketi upande wa pili wa taa. Hakusema neno, nami sikumwuliza. Kesho yake hakwenda shimoni.

Achaguaye chuo asipime mwendo wa kukifikia tu; apime na taa atakayoiacha nyuma, kama itawaka au itazimika.