Muulize Nesi Amekudunga Nini

Wacha niseme hii kitu vile iko. Hapa Mukuru kwa Njenga, wengi wetu tukiugua hatuendi hospitali. Tunaingia kemisti ya karibu na ploti, tunasema "dakta, nidunge ile kali," tunalipa, tunarudi kibarua Indaa. Tembe tunaziona kama peremende. Sindano ndiyo dawa.

Mimi ni nesi, na ni mtoto wa mtaa huu. Kinachonitisha zaidi ni kosa ambalo halijaandikwa mahali.

Usiku mmoja mama alituletea mtoto, joto limepanda, mwili umelegea. "Amedungwa mchana." Dawa gani? Hajui. Kiasi gani? Hajui. Sasa hapo unafanya nini? Ukimpa dawa ile ile tena, unaweza kumzidishia. Ukingoja, homa haingoji. Tulikesha tukimhesabia pumzi. Alipona, lakini hadi leo hatujui alidungwa nini.

Si wote hupona. Mwaka 2015 kule Akichelesit, kaunti ya Busia, zaidi ya watoto 20 waliripotiwa kupooza miguu baada ya kudungwa sindano kwenye zahanati. Kuna neva kubwa inayopitia takoni kwenda mguuni. Sindano ikiigusa, mtoto anaweza kuanza kuchechemea. Ndiyo maana mtoto mchanga hudungwa pajani, upande wa nje.

Nesi akishuku amekosea, kwanza ni mgonjwa. Anaacha kudunga, anaangalia pumzi, mapigo ya moyo na presha, anaita daktari. Anaandika kwenye faili dawa, kiasi, saa na mahali alipodunga, bila kufuta chochote. Halafu anamwambia mgonjwa au mzazi ukweli.

Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Anaogopa kufutwa kazi, anaogopa Baraza la Wauguzi kumnyang'anya leseni, na anatuogopa sisi na simu zetu za kurekodi. Sisemi asiwajibike. Aliyezembea awajibike. Lakini kosa likisemwa saa hiyo hiyo, kuna muda wa kusaidia. Likifichwa mpaka asubuhi, muda umeisha. Na mkubwa wa zamu anayemfokea aliyesema ukweli mbele ya wodi nzima anafundisha wengine wote kunyamaza.

Kwa kemisti mambo ni mabaya zaidi, juu mara nyingi hakuna faili, hakuna zamu, hakuna wa kuitwa. Kwa hivyo faili ni wewe. Kabla sindano haijatoka kwa karatasi yake, uliza: ni dawa gani, ni kiasi gani, na je, tembe haiwezi kufanya hiyo kazi? Mwambie akuandikie, hata kama ni nyuma ya risiti, aweke na saa. Hiyo karatasi usiitupe.

Akikuuliza "kwani wewe ni daktari?", beba mtoto wako uende kwingine.