Mashine Iliyotangulia

Wahenga walisema, Kutangulia si kufika. Wako watu waitumiao methali hii kumcheka mtu aliyeanza kazi, kisha akapitwa na wengine. Sisi leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za mashine moja iliyotangulia ikapitwa, tupate kuona kama yastahili kuchekwa.

Mashine hiyo yaitwa Computer Space. Ilitengenezwa California, katika Marekani, mwaka wa 1971, na mafundi wawili, Nolan Bushnell na Ted Dabney; kampuni iliyoiuza ni Nutting Associates. Kimo chake ni kama cha mtu mzima, na umbo lake limepindapinda, maana Bushnell alilifinyanga kwanza kwa udongo. Usoni pana kioo cha televisheni kisichokuwa na rangi ila nyeusi na nyeupe. Mchezaji hutia sarafu, mara huiona roketi yake katikati ya nyota, na visahani viwili virukavyo vikiiwinda. Vibonyezo ni vinne: cha kugeuka kushoto, cha kugeuka kulia, cha kwenda mbele, na cha kupiga risasi.

Asili yake ni mchezo uitwao Spacewar, uliotungwa mwaka wa 1962 na Steve Russell pamoja na wenzake katika chuo cha MIT. Lakini mchezo ule ulihitaji kompyuta yenye bei ya dola zipatazo 120,000. Ni mwenye baa gani awezaye kununua kitu kama hicho? Mwaka ule ule wa 1971 Bill Pitts na Hugh Tuck walijaribu kuuweka mbele ya watu katika chuo cha Stanford, wakatumia kompyuta nzima. Wanafunzi walikuja wengi, lakini mchezo mmoja ulikuwa kwa senti 10, na mashine iligharimu dola zipatazo 20,000. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne aweza kuona kwamba ni ngumu.

Bushnell na Dabney nao walikusudia kutumia kompyuta. Walipoona ni ghali, tena ni nzito wa mwendo, waliiacha kabisa. Wakaunganisha vipande vidogo vya umeme vya bei nafuu, kila kimoja na kazi yake, hata nukta za nuru zikatembea juu ya kioo kama walivyotaka. Basi ndani ya mashine ile hamna kompyuta, ijapokuwa jina lake lasema imo.

Walipoijaribu katika baa moja karibu na Stanford, wanafunzi waliipenda. Kwingineko watu waliotoka kazini walisoma maelezo marefu, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Maana roketi ile ikisukumwa haisimami. Sharti uigeuze na kuisukuma upande wa pili, ndipo mwendo upungue. Aliyejifunza elimu ya mwendo huliona jambo hilo ni rahisi, lakini mtu mchovu hana haja ya mtihani. Zilitengenezwa mashine zipatazo 1,500 tu.

Mwaka wa 1972 mafundi wale wale walianzisha kampuni ya Atari, na fundi wao Allan Alcorn akatengeneza Pong, mchezo wa kupigiana mpira, wenye kitasa kimoja kwa kila mchezaji. Mashine ya kwanza iliwekwa katika baa moja ya mji wa Sunnyvale. Baada ya muda iliharibika. Alcorn alipoifungua, aliona kwamba sarafu zimejaa hata hazina mahali pa kuingia.

Kijana mmoja tuliyemfundisha zamani, ambaye sasa hutengeneza redio, alipopata habari hizi kwetu aliuliza, "Mwalimu, basi ile ya kwanza ilikuwa kazi bure?" Tukamjibu, La. Ile njia ya kutembeza nukta juu ya kioo pasipo kompyuta, ambayo Pong iliitegemea, ilivumbuliwa kwa ajili ya Computer Space. Maarifa yalikuwamo tangu mwanzo, ila yaliwekwa darini pasipo ngazi.

Sisi tufundishao twalijua jambo hili. Mtoto asiyeelewa sehemu za hesabu ubaoni huelewa siku ile akatiwapo embe mbele yake. Embe halikuongeza elimu yo yote, limekuwa ngazi. Wala mwalimu asidharau ubao kwa sababu ya embe, kwani pasipo elimu ile embe lingeliwa tu.

Siku hizi Computer Space ni chache mno, na nyingine zimetunzwa katika nyumba za makumbusho. Dabney alifariki mwaka wa 2018. Kutangulia si kufika, ni kweli. Lakini afikaye na aulize ni nani aliyefyeka njia.