Msiba Usio na Daftari

Ilala ni mahali pa misiba. Mtu akifa Mchikichini au Buguruni, jua halijazama turubai limeshafunga barabara, viti vya plastiki vimeshushwa kwenye guta, na kijana mmoja kakaa mezani na daftari la rambirambi anaandika nani katoa elfu mbili, nani katoa elfu kumi. Hata jirani ambaye hamsalimiani mwaka mzima atakuja, atakaa, atakunywa chai ya rangi na kuuliza marehemu alisumbuliwa na nini. Wageni wanaotucheka kwamba Wazaramo wanapenda ngoma hawajui kwamba tunapenda msiba zaidi. Kufa peke yako Ilala ni kazi ngumu.

Lakini wapo wanaoiweza. Ni wale wanawake wanaopakiwa kwenye difenda ya polisi usiku wa manane, kesho yake hawaonekani, na mtaa unaamka na kuanza kukaanga maandazi kama kawaida.

Aliyepita Posta usiku miaka ya nyuma anaujua Mtaa wa Ohio. Ipo hoteli kubwa pale, iliyoanza na jina la Sheraton, ikawa Royal Palm, na sasa ni Serena. Wasichana walisimama gizani upande wa pili wa barabara, wengine kwenye pembe za mitaa inayoshuka kuelekea baharini. Wateja walikuwa watalii wanaosubiri boti ya asubuhi ya Zanzibar, wafanyabiashara wa Lubumbashi na Lusaka waliofuata makontena bandarini, mabaharia, wataalamu wa miradi, na, kwa kuwa hili tunapenda kuliruka, wanaume wa Upanga, Tabata na Mbezi waliowaaga wake zao kwamba wana kikao. Utalii wa ngono tumezoea kuusikia kwa jirani, kule Malindi, Mtwapa na Diani. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walitoa ripoti iliyokadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa pwani ile walikuwa wakiuza miili yao mara mojamoja, wengine wakiwa watoto wa miaka 12. Sisi tulisoma tukatikisa vichwa. Dar es Salaam haina ufukwe wa namna hiyo katikati ya mji, ila ina bandari, ina mahoteli, na kila siku ina maelfu ya watu wanaolala usiku mmoja na kuondoka. Biashara ni ileile, tofauti ni kwamba hapa Mzungu ni mteja mmoja kati ya wengi.

Na kila baada ya miaka kadhaa, mji hufagiwa.

Mwingereza alitunga sheria mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, akawa anawakusanya aliowaita wahuni na kuwarudisha makwao kwa treni. Wakati huo Kisutu ndiko kulikosifika kwa wanawake wanaojiuza, wengi wakitajwa kuwa wametoka Bukoba. J.A.K. Leslie, afisa wa kikoloni aliyechunguza maisha ya Waafrika wa mji huu miaka ya 1950, aliwaandika katika kitabu chake kilichotoka 1963. Baada ya Uhuru vibanda vya Kisutu vilibomolewa. Leo ukitaja Kisutu, mtu anafikiria mahakama. Pale walipokuwa wakiishi wale akina mama, sasa washitakiwa wanashushwa kwenye basi la Magereza, na sidhani kama katika mawakili wanaopanda ngazi zile yupo anayejua ardhi ile ilikuwa ya nani.

Oktoba 1968 ilikuwa zamu ya Kariakoo. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vingepigwa marufuku kuanzia Januari Mosi 1969. Januari haikungojwa. Siku chache baada ya tangazo, vijana wa kiume walijazana kituo cha mabasi Kariakoo, wakawa wanawashusha wasichana kwenye mabasi na kuwachania nguo, mpaka polisi wa kuzuia fujo wakaitwa. Wasichana wale walikuwa abiria tu, wanakwenda zao. Kosa lao lilikuwa kufanana na yule kahaba ambaye kila mmoja alikubali kwamba anastahili kupigwa. Hapo ndipo ninaposimama kila nikisoma habari ya msako mpya. Mji ukishakuwa na mwanamke mmoja anayeruhusiwa kuvuliwa nguo hadharani, wengine wote wanaishi kwa bahati.

Halafu ikaja Nguvu Kazi. Sheria ya mwaka 1983 ilimtaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika na kitambulisho mfukoni. Asiye navyo alipakiwa lori kupelekwa kijijini akalime. Walioishi siku zile wanasimulia kwamba mwanamke asiye na cheti cha ndoa wala barua ya mwajiri alihesabiwa kahaba papo hapo, hata kama anauza vitumbua barazani kwake. Wengi waliosombwa walirudi, maana jembe bila shamba wala ndugu halimweki mtu. Lakini wapo ambao hawakurudi, na hakuna aliyewaulizia kwa sauti, kwa sababu kumuulizia mtu aliyekwenda na lori lile ilikuwa kujitangaza kwamba ulimjua.

Niseme nilichokiona nikiwa mtoto. Tulipanga kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma wenye bomba na choo. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo, mcheshi, mkali wa kodi. Chumba cha uani alikaa dada mmoja aliyekuwa akitoka saa za magharibi na kurudi alfajiri. Akirudi alitununulia maandazi watoto wote wa nyumba, akaoga, akalala mpaka adhuhuri. Mama zetu walimwazima pasi na kumkopa chumvi, na jioni, akishavaa, walikuwa wanageuza macho. Bibi alisema anafanya kazi hotelini. Uongo ule wa Bibi ulikuwa ni heshima.

Wiki moja kulikuwa na kamatakamata mjini, na yule dada hakurudi. Bibi alisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Akatuma mtu kituoni, akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Pengine ni kweli, pengine jina tulilomwitia sisi halikuwa la kwao. Mwezi uliofuata akamwita balozi, mlango ukafunguliwa mbele ya mashahidi. Kulikuwa na doti za kanga ambazo hazijakatwa, jiko la mchina, sanduku, na picha ya mtoto wa kiume amevaa sare za shule. Nyuma ya picha hapakuandikwa kitu. Bibi akageukia wanawake waliosimama mlangoni akauliza, “Huyu kwao wapi?” Mmoja akasema Singida, mwingine akasema hapana, Iringa, alisikia akimtaja shangazi wa Iringa. Miaka yote ile amekaa nasi, amekula nasi futari, na kwao hatupajui.

Kwa watu wa dini na mila kama sisi, lile lilikuwa tatizo lisilo na kitabu. Huwezi kumsomea mtu khitma hujui kama amekufa. Hujui hata kama ni Mwislamu. Huwezi kuweka tanga, kwa hiyo huwezi kuanua. Bibi alikipangisha chumba, maana nyumba haiendeshwi kwa huruma, lakini sanduku lile alilisukuma chini ya kitanda chake, na kila mwezi wa Ramadhani alipowaombea wafu wake, aliongeza, “na yule mtoto, popote alipo.” Hakumtaja yule dada kwa jina, kwani hakuwa na hakika nalo.

Sheria nayo ina namna yake ya kuwasahau. Kwa miaka mingi wanawake hawa wameshitakiwa kwa kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, sheria ya mwaka 1945, kinachowaweka kapu moja na ombaomba kwa jina la uzembe na uzururaji. Adhabu ya kosa la kwanza ni faini isiyozidi shilingi 500 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Shilingi 500 leo haikufikishi Kariakoo kwa daladala kutoka Gongo la Mboto. Adhabu yenyewe kwa hiyo haiko mahakamani. Iko kwenye usiku wa rumande, kwenye pesa inayotolewa ili jina lisiandikwe, na siku hizi kwenye kamera. Juni 2024, wilaya jirani ya Ubungo, mkuu wa wilaya aliongoza msako wa usiku na picha za wanawake waliokamatwa zikasambaa nchi nzima. Watetezi wa haki za binadamu walilaani. Mnunuzi, kama kawaida, huondoka na gari lake.

Nawasikia wazazi wanaounga mkono misako hii na siwabezi. Ukiwa na binti wa darasa la sita, na danguro limefunguliwa mlango wa tatu kutoka kwako, unataka liondoke leo. Na humo ndani wakati mwingine wamo watoto, waliochukuliwa kijijini kwa ahadi ya kazi za ndani. Hao serikali ina wajibu wa kuwatafuta mlango kwa mlango na kumfunga aliyewaleta, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 ipo kwa ajili hiyo. Lakini mtoto aliyeibwa haokolewi kwa kupandishwa karandinga pamoja na watu wazima na kushitakiwa uzururaji. Akitolewa rumande, anayemngoja nje ni yuleyule aliyemleta.

Wengine wanapotea kimyakimya zaidi. Uchunguzi wa afya uliofanyika Dar es Salaam mwaka 2010 ulikuta kwamba karibu theluthi moja ya wanawake wanaojiuza waliopimwa walikuwa na virusi vya Ukimwi. Februari 2017 Wizara ya Afya ilifunga vituo vya mitaani ambako wanawake hawa na wengineo walikuwa wakipata vipimo, kondomu na dawa bila kusimangwa. Msako una sehemu yake pia: mtu anayejificha hafuati dawa. Anahama Buguruni kwenda Vingunguti, kutoka huko kwenda Chanika, kadi ya kliniki inabaki chumba alichokihama usiku. Akizidiwa, jirani mpya anampeleka hospitali kwa bajaji na kuandikisha jina analolijua. Akifa na asipotokea ndugu, halmashauri inamzika. Maiti isiyo na mwenyewe, ndivyo wanavyoiita, na kule kijijini mama anaendelea kusema mwanawe yuko Dar, kapata kazi hotelini, siku hizi tu simu yake haipatikani.

Karibu na Ohio, pale Samora inapokutana na Azikiwe, imesimama sanamu ya Askari tangu 1927. Inawakumbuka askari na wapagazi waliokufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia, wapagazi ambao kambi yao ndiyo iliyoipa Kariakoo jina. Hakuna jina hata moja la mpagazi pale. Hata hivyo wana sanamu, na wana soko zima linalowataja kila siku bila kujua. Siombi sanamu kwa ajili ya yule dada wa uani. Angenicheka.

Ninachoomba ni kidogo na kinawahusu watu wa Ilala, kabla hakijawahusu wakuu wa wilaya. Mwenye nyumba unayempangisha dada chumba cha uani, na wewe balozi unayegonga muhuri: muulizeni jina la nyumbani, kijiji chao, na namba ya simu ya mtu mmoja wa kwao, muandike kwenye kikaratasi, mkiweke mahali ambapo polisi hawatakikuta. Msimuulize kazi gani anafanya. Na difenda ikimchukua, kesho asubuhi nendeni kituoni mkamuulizie, kwa sauti, kama mnavyomuulizia mtoto wa mtu.