Mwenye Kisu Hula Mwisho

Mjini mtu akitoa kisu mfukoni watu husogea nyuma. Kwetu kijijini Masuguru husogea karibu. Mmoja ana sandarusi la mahindi lililoshonwa likakazwa, mwingine ana chungwa, mwingine anataka kukata kipande cha mswaki. Ndiyo maana kisu changu cha kukunja hakibaki nyumbani nikiwa huko, na ndiyo maana nagombana kimoyomoyo na msemo ambao wanasiasa wetu wameupenda kupita kiasi: mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Husemwa wakati wa kura za maoni, husemwa kwenye zabuni, husemwa ndugu wakigombea kiwanja. Anayeusema kwa mbwembwe hizo, nadhani, hajawahi kushika kisu penye mbuzi.

Mtazame mwenye kisu siku ya shughuli. Kumekucha, mbuzi amefungwa mti wa uani, na sauti inauliza, "Nani ana kisu hapa?" Ukijibu tu, umeajiriwa. Akishachinja anayestahili kuchinja, wewe utachuna, utapasua, utatenganisha maungo, utakatakata vipande vya kutosha sufuria za watu ambao idadi yao haijulikani. Wenzako wako mkekani na chai ya tangawizi. Katikati ya kazi mama mkubwa ataleta vitunguu: "Mwanangu, na hivi nimenyie pia, chetu kimekuwa butu." Nyama ikiiva mikono inanuka shahamu na hamu yote imekwisha. Wanakula wageni, wanakula wazee, ndipo mtu anakumbuka kuuliza kama yule wa kisu amewekewa.

Kazi hiyo ina adabu zake, na hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Kisu kinanolewa mbali na macho ya mnyama, kwa kuwa dini imekataza kumwonesha kifo chake mara mbili. Kumpa mtu kisu ni kumtangulizia mpini. Ukiazimwa, unakirudisha kimefutwa na kimefungwa. Mtoto akizijua hizo tatu, namwachia changu bila wasiwasi. Mtu mzima asiyezijua namwambia kimepotea.

Nyumbani nina bati la biskuti lililojaa visu, kwa sababu kubeba kimoja huzaa tamaa ya kuweka vingine. Kipo cha fundi wa Korogwe, bapa lake lilikuwa msumeno wa chuma, mpini umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Si kizuri kukitazama, lakini kinapita kwenye nyanya iliyoiva bila kuiminya. Ipo sime ya Kimaasai iliyofuliwa kutoka springi ya gari, ndani ya ala nyekundu. Hiyo haiingii mfukoni, nayo haijawahi kujifanya inaingia.

Kipo pia Okapi cha babu, mpini wa mbao wenye mwezi na nyota, pete mgongoni, na ule mlio wa meno yake kikifunguliwa. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe kwenye makoloni yake ya Afrika, na Korogwe ilikuwa ndani ya koloni mojawapo. Mwaka mmoja kabla, wanasayansi wa Ulaya walikuwa wametoka kumtangaza okapi, mnyama wa msitu wa Ituri huko Kongo ambaye wenyeji walimjua tangu zamani. Siku hizi vinatengenezwa Afrika Kusini. Babu hakujua lolote kati ya haya. Alijua tu kwamba kinakata tumbaku ya kamba, na kwamba kikilegea kinagongwa ribiti.

Lakini ninachokitoa mara nyingi nikiwa peke yangu ni kisu cha mkonge cha mzee mmoja aliyekuwa mkataji kwenye mashamba ya upande wa Korogwe. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893: miche 1,000 ilitoka Florida, ikapitia Hamburg, na 62 tu ikafika Pangani ikiwa hai. Kutokana na hiyo Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge, na mwaka 1964 tulivuna zaidi ya tani 200,000. Takwimu hizo nazisoma upya kila nikikishika kisu hiki, kwa sababu bapa lake limeliwa na tupa hadi limebaki jembamba kupita kiasi. Jani moja, pigo moja, mwiba wa ncha unakatwa, jani linalofuata. Chuma chote kilichokosekana pale kimebaki shambani, vumbi kwa vumbi.

Pembeni yake kuna kisu nilichokinunua kwa bei ya kuona haya, nikakizungushia kitambaa nisikichubue. Kimeota kutu. Cha mfukoni mwangu, kinachoshika juisi ya machungwa na jasho la paja, hakina hata doa. Umri wangu umefika pale ambapo watu huanza kuniambia nijitunze, nipumzike, nisiitikie kila mwito. Nawasikiliza, kisha naangalia vile viwili.

Sibebi kisu kila mahali. Dar es Salaam nakiacha, mji ulioonja mapanga ya vijana wahalifu wa panya road hauna deni la kuniamini mimi na kijisu changu. Uwanja wa ndege waliwahi kunichukulia kimoja, na walikuwa na haki.

Majuzi kijana anayebebesha miche alikuja uani akilalamikia nyembe. Kazi yake inataka chale ya herufi T kwenye gome la mche wa mlimau, jicho la mchungwa lichomekwe ndani, lifungwe utepe wa nailoni. Wembe unayumba, gome linachanika, jicho linakauka. Nilimfungulia bati achague. Akapita Okapi, akapita sime, akachukua kile cha bei, akakwangua kutu kwa ukucha.

"Hiki, mjomba, nitakurudishia wiki ijayo."

Wiki iliyofuata alirudi kweli, kuuliza kama nina kinoo pia.