Amri Isiyouliza

Katika chumba kimoja cha kupanga, hatua chache kutoka soko la Mikinduri, kuna daftari lenye jalada jeusi ambalo mwenyewe huliita kumbukumbu za kazi. Mwenyewe ni mwanaprogramu aliyerejea nyumbani kutoka Nairobi, akajitafutia riziki kwa mambo mawili: kuwaandikia wafanyabiashara wa miraa programu ndogo ndogo za hesabu, na kupiga picha za harusi na mazishi. Daftari ameliandika kwa Kiswahili. Si kwa ukereketwa; vijana wawili wanaomsaidia huchoshwa na Kiingereza cha vitabu vya kompyuta.

Kurasa za mwanzo zinahusu amri zinazochapwa kwa herufi kwenye kioo cheusi, bila vitufe vya kubofya. Mwanafunzi wa sarufi angezifurahia, kwani kila amri ni sentensi: kitenzi kwanza, kisha yambwa. Cp ni nakili, mv ni hamisha, rm ni futa. Ufupi huo ni urithi wa Unix, iliyoanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, enzi ambazo watu walichapa kwenye mitambo mizito ya polepole. Lakini ni hali ya kuamuru isiyo na adabu ya mazungumzo: haina tafadhali wala "je, una hakika?" Ikishatii, hunyamaza.

Ukurasa mmoja umepigiwa mstari mwekundu. Mzee aliyefiwa na mkewe alileta kadi ya kumbukumbu ya simu yenye picha 63, atengenezewe kijitabu cha mazishi. Picha zilikuwa kubwa mno. Mwanaprogramu akaifungua ImageMagick, na badala ya amri ya convert, ambayo huandika faili jipya pembeni, akachapa mogrify, ambayo huandika matokeo juu ya faili lile lile. Tena aliifanya kazi hiyo ndani ya kadi yenyewe, bila kunakili kwanza. Kijitabu kilitoka kizuri, wala hakuna aliyeshuku neno. Wiki mbili baadaye mzee akarudi na kadi yake.

"Kijana wangu, nataka ile aliyokuwa akichambua maharagwe. Iwe kubwa, niitundike ukutani."

"Nitaitafuta, mzee."

Iliyobaki ilikuwa na upana wa nukta 300 tu. Ikikuzwa, uso unageuka ukungu. Usiku huo akaijaribu PhotoRec, programu isiyojali orodha ya majina ya faili, bali huisoma kadi kipande kwa kipande ikitafuta alama zinazofungua kila picha. Majina hayarudi. Picha huweza kurudi, maadamu nafasi yake haijaandikwa kitu kingine. Zilirudi 41. Ile ya maharagwe ilirudi nusu: kitambaa cha kichwani, macho, tabasamu, chini ya kidevu ni rangi ya majivu tupu. Picha ndogo zilizoandikwa na ile amri zilikuwa zimekalia mahali pa mikono.

Akageukia GIMP na programu-jalizi iitwayo Resynthesizer, ambayo huziba pengo kwa kukopa mfano wa vilivyo jirani. (Programu-jalizi ni neno lililobuniwa vyema, kujaliza ni kutimiza kilichopungua.) Ikajaliza kweli: mahali pa mikono ikaweka majani ya migomba na vipande vya kitambaa cha kichwani. Mtu asiyemjua marehemu angeridhika. Yeye akaifuta kazi hiyo yote, akaichukua ile picha ndogo, akaikuza, na kuiunganisha nusu yake ya chini na uso uliorudi.

Asubuhi alimweleza mzee kosa lake lote, kisha akamkabidhi picha: uso dhahiri, mikono yenye ukungu juu ya ungo. Mzee aliitazama kwa muda mrefu.

"Mikono yake haikutulia kamwe," akasema, akaomba gazeti la kuifungia.