Msumeno Uliokunywa Mno

Siku moja ya mvua mti mkubwa ulianguka njiani huko Mufindi, nalo gari lenye mgonjwa likazuiwa. Kijana mwenye msumeno wa mnyororo alivuta kamba mara nyingi, mlango wa hewa ukiwa umefungwa; mashine haikuwaka, ila ilinuka petroli. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, umeinywesha mno." Kijana aliona haya, lakini alitii. Akazima swichi, akafungua plagi, akaipangusa hata ikakauka. Akaufungua mlango wa hewa, akavuta kamba mara kadhaa, petroli iliyozidi ikatoka. Akairudisha plagi, akawasha swichi, akavuta, mashine ikanguruma. Mti ukakatwa, gari likapita. Akajua ya kuwa mashine iliyoshiba haitaki nguvu, yataka subira.